Ombi la Jumatano

Kila asubuhi Mama alifagia ua huku akiimba, na alipofika kwenye kiitikio, Mama Mdogo, upande wa pili wa ukuta, alidakia sauti ya chini. Walikuwa hawasemeshani, lakini wimbo ulikuwa umewashinda. Asubuhi hiyo Mama alikiimba kiitikio peke yake. Badala ya sauti ya chini, akasikia cherehani kikiburutwa sakafuni. Ufagio ukasimama.

"Anafanya nini huyo?" akamuuliza bintiye, aliyekuwa akiosha vyombo.

"Anahama, Mama. Amepata chumba huko mjini. Gari liko njiani."

"Na mimi niambiwe na nani? Na ufagio?"

Binti aliendelea kusugua sufuria. Alikumbuka enzi ambazo nyumba hizo mbili zilikuwa kama moja: mlango wa ukutani haukujua komeo, chumvi ilikuwa ya wote, naye alilala popote usingizi ulipomkuta. Jumamosi dada hao wawili walipiga pasi majoho ya kwaya, naye akijificha chini ya meza, katikati ya harufu ya nguo zenye joto, akiwasikiliza wakicheka. Siku moja walicheka mpaka wakaunguza kola ya mwalimu wa kwaya.

Kisha likaja suala la kochi. Mama na Baba walikosana, Baba akahamia kwenye kochi la sebuleni, na Mama akamnong'oneza mdogo wake, yeye peke yake. Jumatano, kwenye maombi ya akina mama, Mama Mdogo akasimama, macho kayafumba. "Wapendwa, tumkumbuke dada yangu. Shemeji analala kwenye kochi."

Wapendwa walimkumbuka kwelikweli. Jioni hiyo hiyo muuza mkaa alikuwa akimuuliza Baba kama kochi lenyewe ni la watu wawili au watatu.

Baba alirudi chumbani wiki haijaisha. Dada hawa hawakurudiana. Mama aliendelea kuwafundisha watoto wa Jumapili kusamehe saba mara sabini, akiwaandikia ubaoni kwa chaki za rangi. Mchungaji aliposema watu wapeane amani, Mama alimpa mdogo wake mkono na tabasamu pana. Wakishatoka getini mwa kanisa, kila neno lilipitia kwa binti.

Kama sasa. "Kamwambie aache ufunguo wa mlango wa ukutani."

Binti akaenda. "Mwambie asihofu," alisema Mama Mdogo, "siendi na ukuta wake."

Akarudi. "Mwambie Mungu amtangulie," alisema Mama.

Akaenda. "Mwambie amina. Na bado namwombea."

Akarudi. "Mwambie anitoe kwenye maombi yake!"

Binti alisimama mlangoni, povu likimkaukia mikononi. Alikuwa mpole kiasi cha kumwomba paka radhi akimpita. "Siendi tena," alisema. "Mlango ule pale, Mama. Nenda mwenyewe."

Mama alimtazama kana kwamba vyombo ndivyo vilivyosema. Kisha akautupa ufagio, akapita.

Mama Mdogo alikuwa amepiga magoti, akitia nyuzi kwenye kifuko. Alipomwona, akaanza kujitetea kabla hajaulizwa. "Nilikuwa nakuombea tu, dada."

"Ulikuwa unanisengenya. Macho umeyafumba, lakini unanisengenya."

Mama Mdogo aliufunga uzi, akaufungua, akaufunga tena. "Ndiyo," alisema taratibu.

Nje gari lilipiga honi. Dereva akaita, "Mama fundi, twende, jua linapanda!" Mama aliketi juu ya boksi la vitambaa, likabonyea.

"Na mimi, kila Jumapili nikikupa mkono, nasema uongo," alisema. "Sijakusamehe. Nimejaribu, nimeshindwa. Lakini usihame, mdogo wangu. Sitaki uhame."