Umepata Kiti?

Katika miaka yote ya ndoa yao, Janelle Sondrol hakuwahi kumpokea mumewe kwenye simu kwa salamu. Lyle akipiga kutoka Minneapolis, jambo la kwanza alilosikia ni swali: "Umepata kiti?" Akijibu kwamba amepata, Janelle alitoa nyama kwenye friza. Akijibu kwamba hajapata, Janelle alikata simu bila kununa akaenda kulisha mbwa. Ndoa ya rubani anayelala Minot na kufanya kazi Minneapolis ina mahaba ya aina hiyo, na wao hawakulalamika.

Kiti chenyewe si cha kujivunia. Ni kile cha kukunja kilichobanwa nyuma ya marubani wawili, kigumu, na ukikaa magoti yanakaribia kidevu. Wenyewe wanakiita kiti cha tatu. Kampuni haimlipii mtu nauli ya kwenda kazini. Ukiamua kuishi mbali, shauri yako. Basi unasimama kwenye mlango wa chumba cha marubani, kofia mkononi, unajitambulisha na kumwomba rubani mkuu akubebe. Hata kama mlikula pamoja jana, unaomba. Janelle naye, aliyelelewa kwamba mtu hapandi chombo cha watu mikono mitupu, alimfungashia mumewe mikate ya karameli kila safari awape waliombeba. Kulikuwa na marubani wengi walioujua mkono wa Janelle na hawakuwahi kuuona uso wake.

Siku daktari alipoutaja ugonjwa wa Janelle kwa jina, mwaka uliopita, Lyle alifika kwenye mlango wa ndege machozi yakimtoka. Rubani mkuu wa siku ile, mtu mpole kabisa, alimshika bega. Alimweleza kwamba anayekaa kiti cha tatu huhesabiwa mmoja wa wafanyakazi wa ndege, na hangeweza kumweka pale mbele mtu aliye katika hali ile. Akamwomba akakae nyuma na abiria. Nyuma kulikuwa na nafasi tele siku hiyo. Lyle alikaa dirishani akajifunza somo ambalo heri angelifeli: ukitaka kufika nyumbani, kausha uso. Tangu hapo hakumwambia mtu yeyote kazini. Aliwaogopa pia madaktari wanaowapima marubani, kwa sababu ukiwaambia moyo umevunjika, wapo watakaoandika kwamba ni kichwa. Tunasema mtu anakufa na tai shingoni. Lyle tai alikuwa nayo, ya buluu, na aliikaza kila asubuhi.

Zamu ile ya mwisho hata hakutaka kwenda. Ni Janelle aliyemfukuza. Alikuwa amelala sebuleni kwenye kitanda cha wagonjwa walichoazimwa, na muuguzi alikuwa amesema bado ana wiki kadhaa. "Nenda ukarushe ndege zako," Janelle alimwambia. "Unanizunguka humu ndani kama mbwa aliyekosa kondoo wa kuchunga." Lyle akaenda. Nani angebishana na Janelle?

Alipotua Minneapolis akitoka Tampa, simu ilikuwa inamngoja. Alikuwa Corinne, dada yake Janelle.

"Shemeji, njoo. Njoo leo, usingoje kesho."

Dhoruba ya theluji ilikuwa imeshawafikia. Barabara kuu ya kwenda Minot ilikuwa imefungwa, vizuizi vimeshushwa, na ndege ya jioni ilikuwa imeshafutwa. Ilibaki moja tu ya mchana, nayo imejaa watu waliokwama tangu jana. Kiti cha tatu, hata hivyo, kilikuwa wazi. Lyle aliandikisha jina lake kwa Hodan, karani wa langoni, kisha akampigia Corinne na kumwomba amwekee Janelle simu sikioni.

"Umepata kiti?" Sauti ilikuwa nyembamba, lakini swali ni lile lile.

"Nimepata, mama. Nakuja."

"Haya," alisema Janelle. "Nakungoja, basi."

Lyle akaingia chooni, akanawa uso kwa maji baridi mpaka mashavu yakamuuma. Akajaribu tabasamu kwenye kioo. La kwanza lilikataa, la pili likakubali, akatoka nalo.

Rubani mkuu alikuwa Shawna Beaulieu, mwanamke wa makamo ambaye Lyle hakuwahi kuruka naye. Lyle alijitambulisha, akaomba. Shawna akampa mkono, akamwambia karibu, na kwamba mtu mwenye miguu mirefu vile ana lake jambo kuchagua kazi hii. Lyle akacheka. Akakifungua kiti, akaketi, akafunga mkanda. Mbele yake kioo kilikuwa cheupe kwa theluji. Alikuwa amebakiza saa moja na nusu ya kukaza uso, basi.

Ndipo Merle Tvedt alipoingia, theluji mabegani, akihema.

Merle alikuwa rubani mkongwe anayeishi kando ya ziwa nje ya Minot, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Yeye na Lyle walikuwa wamegombania kiti hiki kwa muda mrefu hata ugomvi ukageuka utani, na utani ukawa ndiyo lugha yao pekee. Hawakuwahi kutembeleana. Hawakuwahi kuambizana jambo la maana. Sheria ya kampuni yao ni kwamba mlango ukiwa haujafungwa, mkongwe akifika, mdogo anapisha.

"Inuka, mtoto," Merle alisema. "Babu amefika."

"Leo siinuki. Nenda kalale hotelini, kuna supu nzuri."

"Supu kanywe wewe. Mimi nimeshatoboa tundu langu la kuvulia kwenye barafu ya ziwa, samaki wananisubiri." Akamtazama mikononi. "Na mikate iko wapi? Siku hizi unakuja kama mkwepa nauli. Mkeo kakuchoka?"

"Amepumzika kuoka," Lyle alisema.

Rubani msaidizi akacheka. Shawna naye aligeuka kuwatazama, na macho yake yakatua usoni mwa Lyle yakakaa hapo. Lyle alihisi midomo inaanza kumtetemeka. Akayakaza meno, tabasamu likabaki pale pale lilipogandishwa.

"Merle, mke wangu ananingoja. Naomba hiki kiti. Nakuomba sana."

Maskini, aliomba. Tusije tukasema hakuomba. Lakini aliomba huku ametabasamu, kwa mtu ambaye kwa miaka alimwomba kila kitu kwa mzaha, na mzaha mzaha, walisema waliosema, hutumbua usaha.

"Amekungoja miaka yote hiyo, atashindwa na usiku mmoja?" Merle alisema. "Samaki wangu hawana subira ya namna hiyo. Inuka."

Yalihitajika maneno matatu tu. Mke wangu anakufa. Merle hakuwa mtu mbaya; angeyasikia hayo angeruka nje ya ndege ile akaacha hata begi. Na Shawna, huenda angembeba Lyle na machozi yake. Lakini Lyle alimwona yule rubani mpole wa mwaka jana, aliuona ule mkono begani ukimrudisha nyuma, na leo nyuma hakukuwa na nafasi. Alidhani akiyatamka atakikosa kiti kwa hakika, na asipoyatamka labda Merle atamhurumia. Tena alijua akifungua koo, kitakachotoka hakitakuwa maneno. Akafungua mkanda. Akampisha mzee, akampigapiga begani, akamtakia samaki wakubwa.

Alijikaza mpaka ndege ikarudishwa nyuma, ikamwagiwa dawa ya kuyeyusha barafu, ikapotea kwenye weupe. Kisha akakaa chini sakafuni, pale pale langoni, na koti lake zuri la rubani, akalia kama alivyopaswa kulia mbele ya watu tangu mwaka jana.

Hodan aliacha meza yake akaja kuchuchumaa mbele yake. Alipouliza, Lyle akamwambia yote.

"Na mimi hukuniambia, kaka? Ningesimama pale na kipaza sauti. Abiria mia hawawezi kukosa mmoja mwenye moyo."

Hodan akakimbilia simu ya meza, akaomba wapelekewe ujumbe kwenye ndege, lakini ilikuwa imeshapaa. Lyle naye alimpigia shemeji yake. Corinne alisikiliza, akavuta pumzi, akasema kwamba kila baada ya dakika chache Janelle anafumbua macho na kuuliza, naye ameshamwambia mumewe yuko angani. Hakuweza kwenda kumwambia vingine.

Ndege ilipogusa ardhi Minot, simu ya Lyle ikalia. Alikuwa Merle, na hakukuwa na utani sautini mwake.

"Lyle, tumepewa ujumbe wa langoni. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Ulikuwa unacheka, bwana."

"Ndiyo," Lyle alisema. "Nilikuwa nacheka."

Nyuma yake Merle zilisikika sauti za abiria wakishusha mabegi. Kisha mzee akauliza nyumba iko wapi. Pikapu yake ina matairi ya theluji, na huko mjini bado kunapitika. Lyle akamwelekeza: lipite ghala la nafaka, kunja kushoto, nyumba ya kijani, sanduku la barua limechorwa bata. Hakujua Merle anakwenda kufanya nini. Huenda Merle naye hakujua. Alijua tu kwamba hawezi kwenda ziwani.

Lyle akampigia tena Corinne. Alimwambia amfungulie mgeni, na simu aiweke juu ya mto, karibu na sikio la Janelle, kwa sababu sasa alikuwa tayari. Angemwambia mwenyewe kwamba hakupata kiti. Angemwomba msamaha, halafu amwambie na yale mengine ambayo hawakuwahi kuambizana kwa kuwa kulikuwa na nyama ya kutoa kwenye friza. Akabana simu sikioni, akazisikiliza pumzi za Janelle kwa muda mrefu. Zilikuwa chache na zina mapengo.

"Janelle," alianza, polepole mno, na hakujua kama amesikika. Mlango ukafunguliwa upande wa pili. Buti zikakanyaga ubao wa sebuleni. Mbwa hakubweka.

Janelle alikuwa na macho mabovu tangu dawa zilipozidi. Alichoweza kukiona mlangoni ni koti jeusi la rubani kama la mumewe, michirizi ya dhahabu mikononi, na kofia iliyovuliwa.

"Umepata kiti?" aliuliza.

Lyle akafumbua mdomo. Kisha akaweka kiganja juu ya mdomo wake akakandamiza, sauti yake isije ikatokea kwenye mto wakati machoni pa Janelle yeye mwenyewe amesimama mlangoni.

Merle ndiye aliyejibu.

"Nimepata."

"Nilijua tu," Janelle alisema, na kulikuwa na kicheko kidogo ndani yake. "Mikate yote ile niliyowaokea. Wangekunyimaje?"

Kiti kikavutwa kando ya kitanda, mtu mzito akaketi. Ikasikika sauti ya mzee anayelia akijitahidi asisikike. Janelle akasema, "Mikono yako ina baridi," na baada ya hapo hakusema tena. Lyle alizisikiliza pumzi, na mapengo yakirefuka, hadi likaja pengo moja ambalo halikufungwa na pumzi nyingine.

"Lyle," Merle aliita hatimaye, karibu kabisa na simu. "Upo?"

Alikuwepo. Hodan alikuwa amepiga magoti kando yake anamwambia ajibu, mwenzake anamwita, lakini mkono ulikuwa bado mdomoni na hakujua tena namna ya kuuondoa.