Safu ya Miguu

Kila Jumanne na Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, Bazilio alikaa kwenye ngazi ya chini ya ofisi ya uhakiki wa wakazi, mjini Kibondo, akavua ndala na kuvaa viatu vya baiskeli. Vilikuwa viatu vyeusi, vigumu kama gome, vyenye mikanda mitatu juu na kipande cha chuma chini ya unyayo. Chuma kile kilinasa kwenye pedeli kwa mlio wa kitasa, na tangu hapo mguu na baiskeli vilikuwa kitu kimoja mpaka mwenye mguu apindishe kisigino kwa nje.

Baiskeli na viatu aliachiwa na Daktari Elisante, mtu wa Moshi, aliyehamishwa mwaka ule Kakonko ilipokatwa kutoka Kibondo ikawa wilaya. Daktari alimwonya mambo mawili: asivae soksi mbili, na asisahau kupindisha kisigino kabla ya kusimama. La pili alilisahau mara tatu. Mara zote aliangukia ubavu, taratibu, kama mgomba uliokatwa, na akina mama wauza ndizi wa njia panda wakampa pole, kisha wakamuuliza kama baiskeli ya namna ile ikitaka kulala ni lazima mwenyewe alale nayo.

Kazi yake ilikuwa kupeleka barua vijijini, hadi Kumsenga. Barua zilikuwa za aina tatu. Ya kwanza ilimwambia mtu kwamba amethibitishwa kuwa raia. Ya pili ilimwita aje na ushahidi, na ushahidi uliopendwa zaidi na ofisi ulikuwa kaburi la baba. Ya tatu ilimpa siku kumi na nne awe amefungasha, ikataja na siku ya lori la kumvusha mpaka. Zote zilitiwa katika bahasha za kaki zinazofanana, zikafungwa kwa gundi.

Mwezi wa pili miguu ikaanza kumsumbua. Siku nyingine vidole vilikufa ganzi kabla hajamaliza mlima wa kwanza. Siku nyingine unyayo, pale chuma kilipokaa, uliwaka kama amekanyaga jivu la moto. Alikwenda kwa Hamis, fundi baiskeli wa sokoni, ambaye alikiinua kiatu, akakitazama kama mtu anayekagua jino.

"Chuma kiko mbele mno," akasema. "Unabeba mwili mzima kwa vidole, kaka."

Akalegeza skrubu, akakirudisha nyuma kiasi cha punje ya mahindi, akalegeza na mikanda. Bazilio akalizunguka soko. Ganzi ileile, moto uleule. Hamis akaushusha mkoba wa barua kutoka kwenye keria, akamwambia azunguke tena. Miguu ikatulia. Basi Hamis akaanza kurudisha bahasha mojamoja, na kwa kila bahasha Bazilio alizunguka soko na kurudi kusema. Nyingi hazikumfanya kitu. Sita zilileta ganzi. Tatu zilileta moto.

"Viatu havina kosa," Hamis akasema, akifuta mikono. "Kuanzia hapo mimi si fundi wake."

Bazilio hakumwambia mtu, lakini karakana ya Hamis ilikuwa na benchi la wapiga soga. Kabla ya mwezi kuisha, watu wa vijijini walikuwa hawafungui tena barua. Walimsalimu Bazilio kwa Kiha, mwakeye, wakamuuliza miguu imeamkaje. Akisema haiumi, walimkaribisha chai. Akisema ganzi, walivaa nguo za kanisani au kanzu na kwenda kusafisha makaburi. Akisema moto, waling'oa maharage mabichi na kuanza kukamata kuku.

Mkuu wa ofisi, Bwana Sylvesta, alikuwa mtu mpole kutoka Iringa, aliyejua majina ya watoto wa kila mtumishi. Alipopata habari hakucheka. Alichukua rula, akachora safu mpya katika daftari la kupokelea barua, kulia kwa sahihi, na juu yake akaandika *Miguu*. Bazilio alitakiwa kujaza neno moja kati ya matatu: *haiumi*, *ganzi*, *moto*. Zamani aliyepata barua ya tatu aliweza kuja kuipinga. Alipewa kiti, akasikilizwa. Sasa alitazamwa kwanza katika safu. Aliyeandikiwa *moto* hakupewa kiti. Barua imesema na miguu imesema, Bwana Sylvesta alieleza. Mashahidi wawili wanatosha, na hakuna haja ya kumtia mtu hasara ya nauli.

Mzee Hatungimana wa Kumsenga aliipokea yake akiwa juu ya ngazi, anachuma kahawa kwenye miti aliyoipanda mwenyewe kabla Bazilio hajazaliwa. Alitia sahihi, akamtazama Bazilio akiandika *moto*.

"Miguu yako inaijua barua, mwanangu," akasema. "Mimi hainijui."

Bazilio alifunga daftari na kupanda baiskeli. Wiki iliyofuata aliandika *moto* mara nne.

Nyumbani, kila jioni, mkewe Aneth alimwekea beseni la maji ya chumvi na kumkanda vidole. Aneth alizaliwa Kumsenga, kwenye kitanda cha bibi yake, bila cheti. Baba yake alikwenda Tanga kukata mkonge, akafia huko, akazikwa pembeni mwa shamba ambalo lilikuja kulimwa upya. Aneth alipoitwa kwenye uhakiki alieleza hivyo. Karani alimuuliza nani anaweza kulionyesha hilo kaburi. Aneth alisema labda mkonge.

Ijumaa moja moto ulianza kabla Bazilio hajatoka getini. Kufikia mikaratusi ulikuwa magotini. Alisimama, akazitoa bahasha mojamoja na kuzining'iniza mbali na mwili wake, mpaka akaipata. Jina alilisoma baadaye. Kwanza aliona ni barua pekee ya mtaa wake. Namba yake ilikwisha kuandikwa katika daftari, kwa hiyo kuitupa kusingefaa kitu. Alipeleka nyingine zote. Saa saba mchana akaegemea ukuta wa nyumba yake, akapindisha kisigino, na chuma hakikuachia.

Aneth alikuwa anaanika makopa juu ya mwamba.

"Leo ni ya nani, Baba Esteria?"

Bazilio aliinyoosha bahasha. Aneth alikuja, akapiga magoti, akafungua mikanda na kumvua miguu, viatu vikabaki vimenasa kwenye pedeli. Akamkalisha, akaleta beseni. Maji yalichemka mara tu nyayo zilipoingia. Aneth alisubiri mpaka Bazilio akatoa miguu, kisha akayatumia yale maji kuoshea vyombo, kwa kuwa kuni zilikuwa chache.

Ndipo akaomba daftari. Alitia sahihi kwa mwandiko wake wa shule ya misheni, mzuri kuliko sahihi zote za ukurasa ule. Kalamu ikasimama kwenye safu ya mwisho.

"Hapa utaandika nini?"

Bazilio aliandika *haiumi*.

"Basi watanipa kiti," Aneth akasema. "Nikikipata kiti nitaongea mpaka wafunge ofisi."

Jioni Bazilio alirudisha daftari. Bwana Sylvesta alipitisha kidole kwenye safu, kikafika chini, kikatulia. Aliuliza habari za Esteria, aliyekuwa shuleni Kasulu. Kisha akamwomba Bazilio, kwa upole, avue ndala na atembee mpaka dirishani.

Bazilio alitembea. Hakuchechemea. Hakushika meza. Alitembea wima kama mtu anayekwenda kupokea zawadi, akafika dirishani, akageuka na kusema kuwa haiumi, mkuu. Nyuma yake, kwenye sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, kulikuwa na nyayo nane nyeusi, na rangi bado inatoa moshi.

Bwana Sylvesta alichukua kalamu nyekundu na rula. Akalikata neno kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika lingine juu yake.

"Kosa la kalamu, Bazilio. Humpata kila mtu. Mfikishie mama pole zangu."

Lori lilikuja baada ya siku kumi na nne, Ijumaa, siku ya barua. Aneth aliacha beseni, akachukua gunia la makopa na picha ya Esteria. Lori lilimkuta Bazilio njia panda, juu ya baiskeli. Aneth, amekaa juu ya gunia lake katikati ya watu, alimwona, akainua mkono na kuupindisha kwa nje, taratibu, kama kisigino, kumkumbusha. Bazilio aliuangalia ule mkono. Alisimama bila kupindisha chochote, akaanguka pamoja na baiskeli, ubavu, taratibu. Ilikuwa mara ya nne. Wauza ndizi walimwinua, na safari hii hakuna aliyetania.

Siti, mfagiaji wa ofisi, alizisugua zile nyayo kwa mchanga siku tatu. Hazikutoka. Likawekwa zulia, likaungua. Mwishowe Bwana Sylvesta aliona zinaweza kufaa, kwa sababu watu wanaokuja kuhojiwa walikuwa wanasongamana mezani. Sasa karani huwaambia waanze kwenye nyayo, na kila anayeitwa husimama juu yake akisubiri zamu.

Saruji pale haijapoa. Kipupwe kilipoingia, wazee waliotembea tangu alfajiri wakiwa pekupeku waligundua kuwa panafaa. Kuna bibi mmoja aliyepokea barua ya pili, aliyekuja kueleza kaburi lilipo, ambaye alisimama pale muda mrefu, akipeleka uzito kutoka mguu huu hadi ule.

"Mmefanya vizuri," alimwambia karani. "Baridi ilikuwa imenimaliza."

Nje, kwenye ngazi ya chini, Bazilio alikuwa anakaza mkanda wa tatu.