Mlio Mmoja wa Chuma

Mume wangu Luka hajawahi kuweka kikombe mezani kikalia. Tangu tuoane Morogoro, kule alikokimbilia enzi za ubaguzi wa rangi, sijasikia sufuria ikigonga jiko mkononi mwake. Kazi ndiyo iliyomfunza. Ujanani, hapa hapa Johannesburg, alikuwa akipiga ala za kugonga studioni: ngoma ndogo, manyanga, na kile chuma cha pembe tatu kinachoning'inizwa kwa uzi. Ulikuwa muziki laini wa fidla, wa watu kulia chakula hotelini. Walirekodi wote pamoja chumba kimoja, na mtu akikohoa, wanaanza upya. Kwa hiyo yeye alivua viatu mlangoni, akasimama nyuma na soksi tu, akingoja zamu. Kwenye jalada waliandika jina la kiongozi wa bendi peke yake.

Alipokimbia hakubeba santuri hata moja. Mwaka 2017 masikio yakaanza kufifia, na daktari akasema hayatarudi. Luka akataka kitu kimoja tu: aisikie kazi yake kabla hayajafunga kabisa.

Mjukuu wetu Lerato, mtoto wa Amisa wetu, alikuwa akimtania. "Babu, kila wimbo wa zamani redioni unasema ni wewe. Hata ule wa tangazo la sabuni."

"Wa sabuni si mimi. Yule alikuwa na haraka."

Jumamosi moja tukatoka nyumbani Troyeville, sisi watatu, hadi sokoni Newtown kwa Octave, Mkongo wa Lubumbashi anayeuza santuri kuukuu. Luka alikuwa amemwagiza amtafutie zile alizopiga yeye.

"Papa, ni hii moja tu njo nilipata," Octave akasema, akiifuta kwa kitambaa. "Na iko na mikwaruzo."

"Hata mimi ninayo."

Sindano ikashuka. Fidla zikaja, kinanda kikafuata. Luka akatega sikio, kisha akatikisa kichwa. Nikauchukua mkono wake wa kushoto nikauweka juu ya spika. "Baba Amisa, sikiliza kwa kiganja." Halafu akainama, akavua viatu.

"Eish, Babu, hapa ni sokoni," Lerato akanong'ona. "Bibi, mwambie avae."

"Mwache."

Wimbo ukaenda. "Sasa wewe uko wapi?" Lerato akamuuliza karibu na sikio. "Mbona sisikii ngoma?"

"Bado."

"Unaisha, Babu."

"Bado."

Fidla zikapungua, zikawa kama pumzi ya mtoto aliyelala. Luka akainua mkono wa kulia, vidole viwili vimebana kijiti kisichokuwepo. Akangoja. Mimi nikadhani amepitwa. Ndipo akaushusha, na hapo hapo chuma kikalia ndani ya santuri, mara moja tu, mlio mwembamba, unaong'aa. Hakuwa ameusikia wimbo ule tangu siku waliyourekodi.

Octave akafungua kinywa aseme. Lerato akamwonyesha kidole midomoni, mpaka mlio ukaisha wenyewe.

Luka alikuwa bado amezuia pumzi. Akatuangalia usoni, mmoja mmoja. "Imetoka safi?" akauliza. Nikajua hakuusikia mlio ule.

Lerato akavua raba zake, akazipanga kando ya viatu vya babu yake, akasimama na soksi.

"Safi, Babu," akasema, polepole ili amsome midomo. Kisha akamgeukia Octave. "Rudisha sindano mwanzo, tafadhali. Sasa nasikiliza kwa niaba yake."