Sala ya Kufungua Mkutano

Tok. Kimya. Halafu tok tena, fimbo juu ya sakafu ya saruji, huko sebuleni, na nje giza lilikuwa bado zito. Nilijua ni fimbo ya mama mkwe wangu. Nilichoshindwa kuelewa ni kwa nini haisogei. Mtu akitembea na fimbo, mlio wake unakwenda. Huu ulikuwa umeganda pale pale.

Nikajichomoa taratibu ubavuni kwa mwanangu Goodness, nikamfunika vizuri, nikaenda na mwanga wa simu. Bibi Antonia alikuwa amesimama katikati ya sebule, kitenge mabegani, fimbo mkono wa kulia, rozari wa kushoto. Kiti alikuwa amekisukuma mbali ili kisimtamanishe.

"Mama, kuna nini? Presha?"

"Zima hiyo taa, unaniharibia hesabu."

"Hesabu gani?"

"Napima magoti." Akavuta punje moja. "Rozari ya kwanza nimeimaliza wima. Ya pili niko tendo la nne. Goti la kushoto linanung'unika, lakini halijagoma."

Rozari moja, ukiisali bila kukimbia, ni kama dakika ishirini. Nikapiga hesabu yangu mwenyewe gizani, nikataka kumshika mkono akae. Akautoa mkono.

"Leo si ndiyo mkutano?" akasema. "Sylvesta haniwezi rozari mbili."

Sylvesta ni mwenyekiti wa kitongoji chetu cha Kona Chumvi, hapa Karatu, upande wa chini wa barabara ya lami inayokwenda Ngorongoro. Ili uelewe kwa nini mwanamke wa miaka sabini na nane anafanya mazoezi ya kusimama alfajiri, lazima nikueleze habari ya karatasi niliyoinakili mwenyewe.

Mimi nasoma masomo ya jioni. Darasa la saba nilimaliza, kisha maisha yakanichukua, na sasa Goodness amefika miaka mitano nikaona nirudi. Tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu, tukijiandaa na mtihani. Mwezi uliopita mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kumbukumbu za mikutano, akatuagiza tutafute mfano halisi. Nikaenda ofisi ya kata, kwenye ubao wa matangazo, nikanakili kumbukumbu za mkutano wetu uliopita kwa mkono wangu, mstari kwa mstari, pamoja na mihuri niliyoichora kama mayai.

Jioni nikamsomea Bibi Antonia, maana alikuwapo kwenye mkutano huo. Alikuwa anachambua maharage ya ngwara kwenye ungo. Nikasoma waliohudhuria, nikasoma kwamba zahanati mpya ya kitongoji itajengwa juu kilimani, mahali penye mandhari nzuri, na kwamba uwanja wa zamani wa mnada, huku chini tambarare, utapangiwa matumizi ya kuegesha magari ya watalii. Halafu nikafika mstari huu: *Wazee wameshirikishwa kikamilifu katika maamuzi haya.*

Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Rudia."

Nikarudia.

"Nimeshirikishwa lini mimi? Nilinyoosha mkono mara tatu. Mara ya tatu Sylvesta akaniambia, mama, wewe umeshaomba, pumzika."

Nikaangalia tena juu ya karatasi. Ilikuwapo, ajenda ya kwanza: *Kufungua mkutano. Mkutano ulifunguliwa kwa sala kutoka kwa Bibi Antonia na dua kutoka kwa Mzee Marijani.* Wazee wawili, sala moja na dua moja. Ndiyo ushiriki wenyewe.

Aliinua ungo, akapepeta, maganda yakaruka hadi mlangoni.

Na huko kilimani tulikuwa tumeshapanda kabla ya hapo. Mwezi wa tatu, mvua ilipokatika siku mbili, alisema twende tukapaone mahali penyewe. Udongo wetu mwekundu ukilowa unakuwa kama sabuni. Goodness alipanda kama mbuzi. Mimi nilipanda kwa kushika majani. Bibi Antonia alipanda hadi nusu, akateleza, akashuka kwa makalio hatua kama kumi, gauni zima jekundu. Alicheka, nasi tukacheka. Kisha akajaribu kuinuka, akashindwa, akaacha kucheka. Kila mwezi lazima achukue dawa za presha. Akiwa amekaa pale kwenye tope aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa hiyo nikizidiwa, nipone kwanza ndipo nipande kutibiwa?"

Baada ya kusikia ule mstari, alinituma kwa mtendaji. Mtendaji ni dada mmoja anaitwa Hanifa, mdogo kwangu, mtaratibu, ana kalamu tatu mfukoni kila siku. Nikamwomba wazee wapewe ajenda yao kwenye mkutano unaokuja, kabla uamuzi wa kiwanja haujapigiwa kura ya mwisho na kupelekwa wilayani. Akashusha sauti.

"Dada, ajenda anapanga mwenyekiti. Nilimwambia. Amesema wazee wana nafasi yao tayari, wanafungua mkutano."

Nilimletea Bibi jibu hilo nikiwa na aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyelisema. Alilipokea vizuri ajabu. Alikunywa chai yake hadi mwisho, akageuza kikombe.

"Basi nitafungua," akasema.

*

Sasa kuna jambo moja kuhusu Bibi Antonia ambalo Kona Chumvi nzima inalijua. Kwa miaka thelathini alikuwa mwalimu wa dini wa watoto wa komunyo ya kwanza. Sylvesta alipita mikononi mwake. Vijana wa bodaboda wa pale stendi, nusu yao wamepita. Na alikuwa na sheria moja: wakati wa sala watu wote wima, na ukikaa au ukifumbua macho kabla ya amina, darasa zima linaanza upya. Hata nyumbani kwetu leo, Goodness hagusi uji kabla bibi yake hajasema amina, hata uwe unapoa. Mume wangu Emilian, ambaye anaendesha gari la watalii huko kreta na kurudi Jumapili, huniambia mpaka sasa akiwa hotelini peke yake anasubiri amina ya mama yake kabla ya kula.

Tukafika uwanja wa mnada saa nne kasoro. Viti vya plastiki vilikuwa mbele, vya wageni. Wazee wanakaa kwenye magogo ya zamani ya kufungia ng'ombe. Bibi Antonia hakukaa. Mzee Marijani, mwenye duka la mabati na misumari, alikuwa ameshafika na kanzu yake safi.

"Dada Antonia, umejiandaa?"

"Rozari mbili na nusu nimesimama leo. Wewe?"

"Mimi nimekuja na tasbihi," akasema, akaigonga mfukoni.

Nikajua hapo kwamba mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuujua mpango wao.

Sylvesta akapiga makofi. "Wananchi, muda umekwenda, tuna mambo mazito, wilaya inasubiri kura yetu ya kiwanja. Tusimame, Bibi Antonia atufungulie kwa sala. Fupi, mama, jua kali."

Watu wakasimama. Kofia zikatoka. Kule nyuma vijana wa bodaboda wakavua helmeti. Hanifa akasimama na daftari kifuani.

Bibi Antonia akafumba macho.

"Baba uliye mbinguni," akaanza, "tunakushukuru kwa asubuhi hii."

Akaomba kama wanavyoomba wazee wa Kiiraqw, mmoja anatangulia na watu wanaitikia, na hakuna aliyefundishwa upya. Sauti zilijua njia.

"Mvua inyeshe kwa kiasi."

"Na iwe."

"Mahindi yetu yasiingiliwe na funza."

"Na iwe."

"Watoto wa shule wavuke lami salama."

"Na iwe!"

"Bibi, ombea na bei ya mafuta!" kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Na bei ya mafuta ishuke, ili Tajewo aliyesema hayo akiwa amefumbua macho aache kubeba abiria watatu."

Watu wakaangua kicheko, Tajewo naye akafumba macho haraka. Sylvesta akatabasamu, akajiandaa kukaa.

"Na sasa, Baba," Bibi akaendelea, "nakuletea habari ya mlima."

Tabasamu likaganda.

"Wewe ndiye uliyeuumba ule mlima na udongo wake mwekundu. Unajua unavyoteleza. Uliniona mwezi wa tatu nikishuka kwa makalio."

"Na iwe," wakaitikia wachache, wengine wakauma midomo.

"Unamjua Brigita, Baba, jirani yangu. Unajua hana mguu wa kulia. Nionyeshe malaika atakayembeba hadi kwenye mandhari nzuri."

Mtu mmoja kwenye magogo akasema "Na iwe," kwa sauti nzito. Alikuwa Brigita mwenyewe, ameshika nguzo, amesimama kwa mguu mmoja.

"Amina!" Sylvesta akasema kwa nguvu.

"Bado, mwanangu," Bibi akajibu, macho yamefumbwa. "Baba, msamehe, tangu utoto alikuwa na haraka ya kwenda kucheza mpira."

Wanawake wakacheka hadi mmoja akajipangusa machozi kwa kanga. Sylvesta akasogea karibu, akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa hapo hapo nimemshika Goodness mkono.

"Mama, nisikilize. Ninakuheshimu. Hili lako nitaliweka kwenye mengineyo. Nakuahidi."

"Baba," Bibi akasema kwa sauti ile ile ya uwanja mzima, "unayajua mengineyo. Tangu kitongoji hiki kianzishwe hayajawahi kufikiwa. Jua huwa linazama, watu wanakwenda kukamua ng'ombe."

"Na iwe," wengi wakasema, kisha wakagundua walichoitikia, wakacheka tena.

Sylvesta hakucheka. Akaacha heshima ya kunong'ona. "Bibi Antonia, hii si haki! Unatumia jina la Mungu kuzuia maendeleo. Wazee mmeshirikishwa, imeandikwa!"

"Imeandikwa nimeshiriki kwa sala," akasema. Hapo ndipo alipofumbua macho, mara moja tu, akamtazama, akayafumba tena. "Nami nashiriki. Baba, sikuja kuomba huruma. Nimezaa hapa, nimezika hapa, kura nimepiga kila walipoweka sanduku. Tunataka wazee waseme kwanza, kwa midomo yao, wima au wamekaa, na waandikwe walichosema. Ndipo watu wapige kura juu ya kiwanja. Wakituzidi kura, tumeshindwa, nitapanda mlima kwa magoti. Lakini nisiandikwe nimekubali wakati nilikuwa nakuomba wewe."

Nilisikia lori likibadilisha gia huko barabarani. Kisha Mzee Marijani akasema, taratibu, "Na iwe," na magogo yote yakaitikia nyuma yake.

Nikaona goti la kushoto linatetemeka chini ya gauni. Nikasogea nimwegemeze bega. Safari hii hakunisukuma. Uzito wake ulikuja kidogo, kama wa mtoto aliyelala, lakini fimbo ilibaki wima, na sauti pia.

"Tuwaombee na wanaosoma jioni," akasema, "wanaotusomea yaliyoandikwa juu yetu."

Niliinamisha kichwa.

Sylvesta akaangalia saa. Akaangalia watu. Akakaa kwenye kiti chake cha plastiki kwa kishindo, peke yake kati ya watu wote waliosimama, akafungua daftari.

"Haya. Ajenda namba mbili, kiwanja cha zahanati. Mtendaji, andika."

Hanifa hakukaa. "Mwenyekiti, niandike mkutano umefunguliwa saa ngapi?"

"Andika saa nne."

"Saa nne ulikuwa haujafunguliwa." Akameza mate. "Na sasa pia haujafunguliwa. Muhtasari ukifika wilayani hivi wataurudisha."

"Na baada ya sala kuna dua," Mzee Marijani akakumbusha kwa upole, akitoa tasbihi mfukoni. "Punje tisini na tisa, mwenyekiti. Mimi nasoma polepole, macho yangu."

Kule nyuma simu mbili tatu zilikuwa juu zinarekodi, lakini helmeti zote zilikuwa bado mkononi. Brigita alikuwa amesimama. Wale wa viti vya wageni walikuwa wamesimama, mmoja alianza kujikalisha, mke wake akamvuta shati. Jua lilitupiga utosini. Bibi Antonia aliendelea na mito, na visima, na ng'ombe wa majirani zetu kule Olbalbal waliokuwa wanakufa kwa kiu, jina kwa jina, bila kukimbia, kama mtu aliye kwenye rozari ya kwanza tu.

Sylvesta akainuka, uso umejaa jasho, akatazama umati wa watu aliokuwa akiwaongoza kwa miaka sita.

"Jamani, kaeni! Mbona hamkai? Mnasubiri nini?"

Watu wakatazama chini. Goodness akaniachia mkono, akasogea hatua moja mbele, akamwangalia mwenyekiti kwa mshangao wa mtoto anayemwona mtu mzima amesahau jambo rahisi kabisa.

"Bibi hajasema amina."