Sauti Nyuma ya Pazia

Walizika tunda la yago. Ziwa halikumrudisha Cephas, na Mjaluo asiyepatikana haachwi bila kaburi, kwa hiyo wazee walichuma tunda hilo refu, zito kama mtoto mchanga, wakalivisha shuka na kulifukia kando ya nyumba yake. Risper, mama yake, alilitazama likishuka shimoni. Huyo si mwanangu, alisema moyoni.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa mwaka wa tisini na tatu. Miezi ya jua ikaja. Benta, mjane wa Cephas, aliteremka Sindo kununua dagaa wa omena na kupanda nao vilima vya Gwassi akiimba. Kila asubuhi alimpelekea mama mkwe uji kabla ya kunywa wake. Risper aliliweka moyoni jambo hilo.

Mwezi wa saba ukungu ukashuka kutoka msituni, ukakaa. Benta akaanza kulala mchana. Alivaa sweta mbili na bado akatetemeka. Wimbo ukakatika.

Safari hii Risper ndiye aliyepeleka uji. Aliketi sebuleni, maana mama hakanyagi chumba wanacholala mwanawe na mkewe. Ni mwiko, na hakuwahi kuuvunja.

"Nyar Sindo," aliita, kama walivyomwita Benta kwa jina la kwao, binti wa Sindo. "Umeamka?"

Nyuma ya pazia sauti ikajibu, nzito, ya mwanamume.

"Mama. Nasikia baridi."

Ilikuwa sauti ya Cephas, na maneno yalivutwa vilevile alivyokuwa akiyavuta.

"Uko wapi, baba?" alinong'ona.

"Miguu yangu... imejaa maji."

Akalia kimya kimya. Kisha akasukuma blanketi chini ya pazia kwa fimbo, na kesho yake akarudi, na siku zilizofuata. Jirani yake Phelesia alimkuta njiani.

"Mama Cephas, siku hizi unakimbilia kwa Benta kama msichana anayekwenda disko!"

"Nakwenda kumsalimia mwanangu."

Kicheko kikamkauka Phelesia. "Kwa hiyo nawe umeisikia. Nilidhani ni masikio yangu. Mtoe yule mwanamke humo, dada. Marehemu akimkalia mtu, humla."

"Hamli. Anaongea tu."

"Mbona basi kila siku anaamka kidogo kuliko jana?"

Risper alipita. Alijua ni kweli. Lakini mama gani angeifukuza sauti ile, iliyotoka mahali ambapo hata mwili haukutoka?

Asubuhi moja ukungu uliingia mpaka ndani ya nyumba. Aliita, na jibu likachelewa hata akadhani halitakuja tena. Kisha likaja, neno moja moja.

"Mama... wewe... umekunywa uji?"

Cephas alikuwa mwana mzuri, lakini hakuwahi kumuuliza mtu kama amekula. Katika boma lote ni mmoja tu aliyeuliza hivyo, yule aliyemletea uji kila asubuhi.

Akasimama, akalisukuma pazia, akauvuka mwiko.

Benta alikuwa peke yake kitandani. Uso ulikuwa umevimba, ncha za nyusi zimenyonyoka, ngozi ya baridi kama samaki. Shingoni kulikuwa na kovu jembamba kama uzi, na Risper akakumbuka. Miaka michache nyuma Cephas alimpeleka mkewe Homa Bay akakatwa uvimbe wa shingo, na tangu hapo alikuwa akimletea vidonge vidogo. Alipozama, hakuna aliyevifuata tena. Wakati wa jua Benta alionekana mzima, na hakuna aliyeuliza.

Vijana wakamteremsha kwa machela hadi Sindo. Hemed, muuza chumvi, alipomwona alishusha magunia yote ya pikapu yake barabarani.

"Bibi, mpakie. Chumvi itangoja." Akavua koti lake, akaifunika miguu ya Benta.

Hospitalini daktari alimweleza taratibu. "Tezi ya shingo ndiyo inayochochea joto la mwili. Yeye amebakiwa na kipande tu. Wakati wa jua kinajikaza, kinatosha. Baridi ikija, mwili unadai zaidi, nacho hakina. Ndiyo maana amevimba, hata sauti imekuwa nzito."

"Akinywa dawa, sauti hii itaondoka?"

"Itaondoka kabisa, bibi," daktari akasema kwa furaha.

Risper alikishika kidonge. Kilikuwa kidogo mno kwa kazi hiyo.

"Mama," ikaita ile sauti kutoka kitandani.

Alifumba macho, akaisikiliza mpaka ikaisha. Kisha akakiinua kichwa cha Benta kwa mkono wake. "Meza, mwanangu," alisema, na hakujua anamwambia nani.

Mwaka uliofuata ukungu ulishuka tena. Risper alikuja asubuhi na kidonge na kikombe cha maji, akaketi sebuleni. Benta alikuwa nje akipepeta mtama na kuimba kwa sauti yake nyembamba. Migomba ilikuwa imetulia, hakuna upepo. Lakini pazia lilitikisika.

"Cephas?" aliita polepole.

Nyuma ya pazia, kimya. Nje wimbo ukakoma.

"Mama, umeniita?"

Risper aliendelea kulitazama pazia hadi likatulia.

"Ndiyo, Nyar Sindo. Njoo unywe dawa. Ukungu umeshuka."