Redio Iliyokwenda Webuye

Edinah aliona skrubu kwanza. Redio aliyopewa kaka yake ilikuwa mpya, bado inanuka plastiki, lakini vichwa vya skrubu za nyuma vilikuwa vimekwaruzwa. Akadhani ni mtumba uliotiwa kwenye boksi jipya. Akamwonea haya aliyeitoa, akanyamaza. Kunyamaza alikuzoea tangu alipoacha shule darasa la sita. Kwenye hoteli ya Salgaa alikoosha vyombo, wateja wengine walidhani ni bubu.

Redio mbili za aina moja walipewa kaka yake Sitati na mwenzake Omolo, walinzi wa yadi ya malori. Kijana mwenye fulana ya matangazo alifika getini akasema kampuni inazindua redio za kuchaji, zenye tochi, na walinzi wanapewa bure. Hawakushangaa. Watu wa promosheni hawaishi kupita Salgaa, leo na kofia, kesho na sabuni. Wala hawakuikumbuka kesi. Juma lililofuata wawili hao walitakiwa mahakamani Nakuru, waseme ni nani walimwona akivunja kontena, na aliyeshtakiwa hakuwa mtu wa kutajwa ovyo.

Sitati hakuiwasha redio yake hata mara moja. Alimkabidhi Jerry, dereva aliyekuwa anaelekea Malaba, aiteremshe Webuye kwa mama yao. Omolo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe hata ukipewa soksi, lazima zifike kwa mathe," alimwambia. "Mimi yangu naskiza mpira nayo."

Sitati akamjibu kwamba ile timu yake haihitaji redio, inahitaji maombi.

Asubuhi iliyofuata Jerry alipiga simu kusema mzigo umefika, na mama ameupokea kwa vigelegele. Ilipokaribia saa sita mchana Omolo alichomeka yake kwenye umeme chumbani kwake. Kishindo kilisikika mpaka hotelini. Edinah alikimbia na wengine, mikono bado ina povu, akakuta Omolo anatolewa nje amefunikwa shuka gubigubi. Mtu alikuwa akieleza habari za mtungi wa gesi. Lakini mtungi ulikuwa pale mlangoni, mzima.

Sitati alifika anahema. Edinah akamwonyesha ule mtungi mzima. Sitati akatoa simu, akampigia mama. Imezimwa.

Kwa mama hakuna stima. Simu huchajiwa sokoni, kwenye kibanda cha kinyozi, na namba ya kinyozi hawakuwa nayo. Sitati akampigia Nasimiyu, jirani. Nasimiyu akasema mama amepita hapo sasa hivi, amejifunga leso ya kanisani, simu mkononi na redio ameipakata kama mtoto, akimwonyesha kila anayekutana naye. Anakwenda kuichaji.

"Mfuate," Sitati alimwambia. "Mwambie asiichomeke. Mwambie aiweke chini, aende mbali nayo. Tafadhali sana."

Nasimiyu ana magoti mabovu, hata kanisani hupelekwa kwa pikipiki. Alisema anakwenda.

Walimwendea askari aliyekuwa akiwatawanya watu pale nje. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani atakayejisumbua kumtegea bomu bibi wa Webuye. Betri feki hulipuka kila siku, akasema. Waandike taarifa kesho.

Wakarudi nyuma ya hoteli, wakaketi juu ya kreti za soda. Barabarani malori yalipita kama kawaida, na mwenye hoteli alimwita Edinah mara mbili, sahani zimejaa. Hakuitika. Sitati alikuwa anapiga, anakata, anapiga tena.

Ikaita.

Uso wake ulifunguka. Halafu Edinah aliuona ukifungika polepole, maana simu ya mama ikiita ni kwamba imepata chaji, na ikiwa imepata chaji, basi mama yuko kwa kinyozi na kila alichobeba kimechomekwa. Iliita mpaka ikanyamaza yenyewe. Akapiga tena, ikaita. Akapiga tena, sauti ya yule mwanamke wa mtandao ikamwambia mteja hapatikani.

Nasimiyu alipopiga, Sitati hakuweza kuipokea. Alimsukumia Edinah simu. Edinah akasikiliza: kilio, watu wengi, Nasimiyu akieleza kwamba aliliona paa la kibanda likiinuka yeye akiwa bado kwenye daraja, kwamba kinyozi alikuwa nje na amepona, kwamba mama alikuwa ndani ameketi akiilinda redio yake isiibwe.

Hakuhitaji kumweleza kaka yake. Sitati alikuwa amejikunja, kichwa katikati ya magoti.

"Ilikuwa yangu," alisema. "Ingekuwa mimi, Edinah. Ingekuwa mimi."

Edinah aliiweka simu juu ya kreti.

"Omolo alipotolewa amefunikwa shuka," alisema, "nilimshukuru Mungu. Kabla ya kumhurumia, kabla ya kitu chochote. Nilisema moyoni, afadhali ile nyingine iko kwa mama, haiko kwako."