Fomu ya Chumba cha Zita

Urbani wa Mbuji alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatumia zaidi kukataa. Barua ilipofika kutoka chuo kikuu kimoja cha Uskoti, kwamba binti yake Zita amepata nafasi na ufadhili wa kusomea udongo, majirani walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia migombani. Yeye aliuliza kama udongo wa Mbuji umekwisha.

Hata hivyo hakumkataza kwenda. Kilichomkwamisha ni fomu ya malazi. Chuo kilitaka mwanafunzi achague pa kuishi na mzazi aweke sahihi. Isipofika kwa faksi kabla ya Jumamosi, nafasi yenyewe ingepewa mwingine. Zita alikwisha kuchagua bweni, chumba cha watu wawili. Siku nne fomu ilikaa juu ya kabati, na siku nne baba mtu aliipita kana kwamba haioni.

Ijumaa asubuhi Zita akamfuata kwenye kichanja, alikokuwa akichambua kahawa iliyoanikwa. Tangu biashara ya kahawa ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walikuwa wakimiminika vijijini na magari yao, na dereva mmoja alikubali kumfikisha posta ya Mbinga mjini. Angeondoka saa nne, na hakuwa mtu wa kumngoja mtu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimekuja na ile fomu."

"Naiona." Urbani aliokota punje mbovu, akaitupa. "Utalala kwa nani?"

"Si kwa mtu, baba. Ni bweni la chuo."

"Bweni halina mwenyewe? Linajifungua lenyewe asubuhi?"

Zita akauma midomo. Alijua swali hilo lilikotoka. Baba yake mdogo, Bernadi, aliteremka Mbamba Bay akavuka ziwa kwenda Malawi kutafuta kazi, asirudi. Urbani alimfuata, akazunguka huko wiki tatu, akarudi mikono mitupu, kwa kuwa hakuna aliyejua Bernadi alikuwa akilala kwa nani. Utabisha mlango gani?

Akaipekua fomu ukurasa kwa ukurasa. "Yupo msimamizi, baba. Jina lake hili hapa: Bibi Margaret Rennie."

"Margaret," Urbani akarudia, taratibu, kama anayelipeleka jina kifuani likae. "Haya. Huyo Margaret anajua nini juu yako?"

Palikuwa na nafasi ya mwanafunzi kujieleza, ili atafutiwe mwenzake wa chumbani. Zita akamsomea alichoandika: mtulivu, mchapakazi, anapenda kusoma.

"Huyo ni nani? Simjui. Futa." Urbani akaketi juu ya gunia. "Ukimkabidhi mtu mwanao, unamtajia kasoro zake kwanza, asije akasema ulimdanganya. Andika. Anakoroma akilala chali."

"Baba!"

"Andika. Akikasirika hasemi, anafagia. Ukimwona amefagia mara mbili, muulize kuna nini. Anaogopa radi, ingawa atakana. Darasa la tano alificha homa siku tatu asikose mtihani. Kwa hiyo akisema ni mzima, mshike paji la uso. Na chakula akila peke yake hashibi."

Zita aliandika kwa Kiingereza huku herufi zikimcheza machoni. Miaka yote alidhani baba yake anaangalia mibuni tu, kumbe macho yalikuwa kwake. Hakuwahi kumpenda kama alivyompenda asubuhi ile, na angetupa hata hiyo Uskoti kama angeambiwa abaki.

Hakuambiwa. Honi ya gari ikalia barabarani.

"Lete," Urbani akasema. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaandika jina lake lote, herufi moja moja, bila haraka, dereva akipiga honi kwa mara ya pili na ya tatu.

Zita aliutazama ukurasa. "Kasoro tupu, baba. Pamebaki mistari miwili. Mazuri je?"

Urbani alikwisha kugeukia kahawa yake.

"Hayo acha," alisema. "Wakiyajua, hawatakurudisha."